Mtazame Espe, Acha Mpira

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka miguu hii ya uzee inaniwasha, nusura niombe viatu. Kesho unacheza Flemingsberg, katika ukumbi uleule niliochezea mimi nikisomea uuguzi, basi kaa nikusimulie. Chai iko kwenye chupa.

Timu yetu ya kikapu ya chuo, hapa Uswidi, ilikuwa na mtindo mmoja tu: shambulio la kushtukiza. Wapinzani wakikosa, mpira ukidunda kwenye ubao, mmoja wetu anaudaka na kuurusha mbali, na mimi nimeshachomoka kama niliyeona nyoka. Kabla hawajageuka, nimefunga. Watu husema haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwahi kutuona tukicheza kikapu. Waliniita Pikipiki, nami nikavimba kichwa. Ukumbi ukiimba jina lako, ni vigumu kukumbuka kwamba mpira ule ulitoka kwa mtu.

Ulitoka kwa Esperansi, Mrundi mrefu mwenye maneno machache, tuliyemwita Espe. Aliishi mji wa Södertälje; alfajiri kiwandani, mchana darasani, jioni mazoezini. Yeye ndiye aliyeruka katikati ya viwiko vya watu na kuudaka.

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu, ya kuwania kombe, tukiwa tunavaa viatu, Espe alimwambia kocha kwamba baada ya leo harudi tena. Alisema amechoka. Hakuna aliyemuuliza amechoka nini. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, mimi nikasema, "Aende tu. Uswidi hii warefu hawajaisha." Wenzangu wakacheka. Espe akaendelea kuvaa viatu.

Kocha wetu, Papa Lukusa, mzee wa Lubumbashi aliyechezea chuo cha kwao ujanani, hakucheka. Mechi ilipokaribia kuanza akanishika bega.

"Weye leo utaikala hapa pembeni yangu," akasema. "Usiangalie mupira. Angalia Espe, ye peke yake. Mupira ikienda, macho yako ibaki kwake."

Nilikasirika nusura nilie. Pikipiki kukaa benchi, tena siku ya kombe. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu nililipenda, kwa hiyo nikakaa.

Ni kazi ngumu, mwanangu, kutotazama mpira. Jaribu siku moja uone shingo inavyokuvuta. Nikamtazama Espe. Nikamwona anaruka, anapigwa kiwiko cha mbavu, anaudaka, anaurusha. Nilidhani hapo kazi yake imekwisha. Kumbe baada ya kurusha alikimbia uwanja mzima, mikono tayari, pengine mwenzake wa mbele atakwama na kumhitaji. Akifika, wameshafunga na wanagonganisha viganja. Hakuna anayemgeukia. Anarudi peke yake kukaba. Nilihesabu mpaka mara tisa nikashindwa kuendelea, machozi yalikuwa yananitoka. Msimu mzima msichana yule alikuwa akikimbia nyuma yangu na sikuwahi kumwona. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli.

"Umeona?" akauliza Papa Lukusa.

"Nimeona, Papa."

"Basi ingia."

Ilibaki chini ya dakika moja na tulikuwa sare. Wapinzani wakarusha, wakakosa, Espe akapanda juu akaudaka. Nikachomoka. Mpira ukanikuta katikati ya uwanja, mikononi kabisa, hata sikupunguza mwendo. Chini ya kikapu alikuwa amebaki dada mmoja wa wapinzani, mpana, ananisubiri. Pikipiki wa jana angemvaa kifua kwa kifua. Jukwaa lote linapiga kelele za Kiswidi, heja, heja, yaani twende, twende, na katikati ya kelele zile, kwa mara ya kwanza, nikasikia viatu nyuma yangu. Nilijua ni vya nani. Nikamwendea yule dada mpaka akanirukia, kisha nikauachia mpira nyuma bila kutazama.

Espe akaupokea mbioni, akapanda nao mpaka kwenye pete. Ukaingia. Mwanangu, ukaingia.

Tukakumbatiana, tukarukaruka, tukapiga mayowe, sote isipokuwa mfungaji mwenyewe. Yeye alishafika nusu ya uwanja akirudi, anatugombeza, "Rudini, nyinyi! Saa haijaisha!" Na kweli haikuwa imeisha. Wapinzani walishaanza shambulio lao. Wakarusha, wakakosa, na aliyekuwapo kuudaka mpira ule wa mwisho alikuwa Espe peke yake.

Kituoni, tukingoja treni, mimi ya mjini na yeye ya Södertälje, nikamwomba radhi kwa lile neno. Treni yake ikaonekana. Ndipo akaniuliza, "Dada, mazoezi ya Jumanne ni saa ngapi?" Saa ya mazoezi aliijua kuliko sisi sote.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Nasikia unafunga sana, na nimejigamba kazini mpaka wauguzi wenzangu wananikimbia. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kesho ukifunga, kabla ya kushangilia, geuka. Mtafute aliyekurushia, umtaje kwa jina, ukumbi usikie. Na mwenzako akisema amechoka, muulize amechoka nini, usingoje mzee wa Lubumbashi akukalishe benchi. Hata darasani, hata humu ndani, yupo anayefika wa mwisho kila siku kwa sababu alianza kwa kukupa wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu myepesi, na shingo isiyoona uzito kugeuka nyuma. Na kila utakapokimbia, akujalie usikie viatu nyuma yako.