Kadi Tupu za Tata Mbuyi

Mwanangu, siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyokwenda stesheni ya Kolwezi na kamusi ya Kiingereza na madaftari yangu kwapani, nikiamini kwamba katika komuni nzima ya Manika hakuna msichana anayenizidi akili.

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Mgodi ulikuwa umeporomoka, karakana zimenyamaza. Nilikaa nyumbani bila kazi, nikibishana na kila mtu: padri, baba yangu, hata Kifaransa nilichosomea nilikibishia. Kwa nini maarifa yote ya dunia yatufikie kwa mlango mmoja tu? Nikaamua kujifunza Kiingereza, tena si cha kusalimiana, bali kile cha juu kabisa. Kila asubuhi nilinakili maneno ishirini kutoka kwenye kamusi, marefu kwanza. Mvua zilipoanza nilikuwa nimejaza madaftari manne, na wadogo zangu walikuwa wakinikimbia nikifungua mdomo.

Jirani yetu, mzee tuliyemwita Tata Mbuyi, hakunikimbia. Alikuwa mtunza vipuri mgodini. Mashine zilikuja na vitabu vya Kiingereza, naye akajifundisha lugha hiyo kwa kadi. Kila kipuri alikifungia kadi kwa uzi: upande mmoja jina, upande wa pili kazi yake na namna kinavyougua. Ndivyo alivyosema, kinavyougua. Tena hakuandika kamwe jina la kitu ambacho hajakishika mkononi. Karakana ziliponyamaza alizifungua kadi zake zote, akaziweka sandukuni nyumbani. Nilipomwonyesha madaftari yangu aliyafunua polepole.

"Haya maneno yote, Régine, inafanya kazi gani?"

"Ni maneno ya watu waliosoma, tata."

"Nimeuliza kazi. Sikuuliza ni ya nani."

Nilikasirika. Mtu wa nati na boliti atanieleza nini?

Kisha ikatoka amri ya wakubwa wa jimbo letu kwamba watu wa asili ya Kasai, jimbo jirani, warudi kwao. Tata Mbuyi alizaliwa hapa hapa. Baba yake alichimba shaba ya hapa. Haikumsaidia. Walitolewa nyumbani, yeye na mkewe Mama Ngalula, wakalala wiki kadhaa stesheni chini ya turubai, pamoja na mamia ya wengine, wakingoja treni. Vijana wa mtaa walisimama barabarani kuwazomea waliokwenda kuwaona. Siku nilipokwenda na kamusi yangu walinisimamisha mimi, na mmoja wao akaniita:

"Ee Régine! Unaenda kulilia bale batu? Utapanda nabo treni?"

"Mi naenda kwa mwalimu wangu."

"Mwalimu gani? Ule wa kuhesabu boliti?"

"Huyo huyo. Weye mwalimu wako ni nani?"

Wenzake walimcheka. Nami, mwanangu, nilipita, na nilipita katikati ya barabara.

Nilimkuta Mama Ngalula ameketi wima, ameshika kamba ya turubai, pumu imembana siku ya pili. Treni ilikuwa inaondoka mchana huo. Mabehewa yalikuwa yale ya wazi ya kubebea madini, na mvua ilikuwa ikinyesha. Behewa lenye paa lilikuwa moja tu, la wagonjwa, na aliyechagua wa kuingia humo alikuwa muuguzi mmoja mgeni asiyejua ila Kiingereza.

"Enda weye," Tata Mbuyi akaniambia. "Kiingereza yangu ni ya mashine. Weye umesoma."

Nikaenda. Nikatoa sentensi yangu nzuri kuliko zote, yenye maneno manne marefu, kwamba mama huyu yumo katika hali ya msiba wa kuhuzunisha. Muuguzi akatazama umati nyuma yangu. Nani pale hakuwa katika msiba? Akaniuliza: anapumuaje? Kifua kinafanya nini? Nikatafuta kichwani. Nilikuwa na maneno hamsini ya huzuni, na sikuwa na hata moja la kifua kinachopiga filimbi. Muuguzi akamgeukia mtu mwingine.

Tata Mbuyi akanisogeza kwa bega. Akasema kwa Kiingereza chake cha mashine, kama anayesoma kadi: hewa inaingia, haitoki. Bomba limekuwa jembamba, halijaziba. Kila pumzi inapokwisha inapiga filimbi. Moshi na baridi vinazidisha. Siku mbili hajaweza kulala chali. Maneno yote hayo aliyatoa kwenye kadi za kompresa, ile mashine ya kusukumia hewa mgodini. Muuguzi akaja mbio, akasikiliza kifua cha Mama Ngalula, akampa dawa ya kuvuta, akaandika jina lake kwenye orodha ya behewa lenye paa.

Nilitaka kuyatupa madaftari matopeni. Tata Mbuyi akanishika mkono. "Hapana. Neno refu haliko mubaya. Iliyo mubaya ni neno bila kazi."

Alipopanda, mlinzi mmoja akamwambia aache sanduku la kadi, kwani kule aendako hakuna mashine. Akalikumbatia. "Mumenitosha mu nyumba," alisema, maana kwetu kumtosha mtu ni kumtoa. "Mu hii hamunitoshi." Hakulitoa.

Nilimwomba aniachie kadi zake. Alinikatalia mimi pia. Akanipa fungu la kadi tupu na donge la uzi. Miezi baadaye mfanyabiashara mmoja aliniletea habari kwamba Mama Ngalula alifika akiwa hai.

Basi, mwanangu, jifunze Kiingereza cha juu, wala usimwombe mtu ruhusa. Watakuuliza hiyo ni lugha ya nani. Nawe waulize nani anafaidika ukinyamaza. Leo mikataba ya mashimo yetu ya madini inakuja kwa lugha hiyo, na siku moja mtu atakuwekea kalamu mkononi akisema wee tia sahihi tu. Siku hiyo usiwe na madaftari manne kama yangu. Uwe na neno ulilolishika, unalojua kazi yake na namna linavyougua. Na ukiaibika mbele za watu, kama nilivyoaibika mimi, usilitupe daftari. Chukua kadi nyingine tupu.

Mimi bado ninabishana, na nimezeeka hivyo. Mungu akupe kifua kipana, na yeyote atakayetaka kukukatiza akukute pumzi yako ingali inatosha kuimaliza sentensi.