Fundi wa Kompyuta Aliyekwama kwa Jina la Baba Mkwe

Saa tatu asubuhi, Kasumulu, Angetile Mwakasungula anaitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula nguo zilizoanikwa. Kioo kinarudia sentensi ile ile tangu jana: faili hili ni la toleo la zamani, haliwezi kufunguliwa. Chini yake kuna kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Sawa".

"Sawa gani?" anaiuliza huku akikibonyeza. "Nani kasema ni sawa?"

Nje ya dirisha, kwenye foleni ya kuelekea daraja la Mto Songwe, limesimama lori dogo lenye vifaranga elfu mbili wa siku moja. Wanakwenda kwa mfugaji wa Karonga, upande wa Malawi. Wote wanalia kwa pamoja, na joto la Kyela halijawahi kumhurumia mwenye manyoya. Inaaminika kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua maana ya neno "toleo".

Angetile, mwenye umri wa miaka 27, ni fundi wa kompyuta katika kampuni ndogo ya wakala wa forodha, mojawapo ya zile zilizoota mpakani tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye meza na mhuri akaruhusiwa kujaribu bahati. Mshahara wake ni shilingi elfu tisini kwa mwezi. Kazi yake, kwa maelezo ya mkurugenzi wake, Ambrose, ni "kuhakikisha mashine hazisumbui".

Mashine hazikuwa zinasumbua. Hilo ndilo linalomuuma.

Juzi Ambrose alileta mtaalamu kutoka Dar es Salaam ili kampuni iende na wakati. Mtaalamu alipokewa kwa wali wa Kyela na samaki mbasa, akashiba, akaweka mfumo mpya kwenye kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote. Mfumo mpya ukaikataa programu ya kumbukumbu za wateja. Akaifuta, akaweka toleo jipya la programu hiyo. Akala tena, akapanda basi. Ndipo toleo jipya nalo likazikataa kumbukumbu za zamani.

"Ni kama mtu aliyejenga ngazi mpya isiyofika darini, halafu ile ya zamani akaipasulia kuni," anasema Angetile. "Mahindi yako juu, yanaonekana, na watu wana njaa."

Mwenye njaa zaidi ni Shamsa, mfanyabiashara wa mtaa wa Bondeni, mwenye vifaranga. Namba ya kibali chake cha Malawi iliingizwa kwenye kompyuta wiki iliyopita, na karatasi yenyewe imeshatangulia ng'ambo ya mto. Bila namba hiyo geti halifunguki.

"Dada, mimi sikuleta matofali," anasema akiwa mlangoni. "Hawa wanakufa. Fungua hicho kidude!"

"Dada Shamsa, ningekuwa na CD za programu ya zamani ungekuwa umeshavuka."

"Ziko wapi?"

Angetile anamgeukia Ambrose. Ambrose anakohoa.

Inabainika kwamba CD hizo zinaning'inia kwenye nyuzi katika shamba la mpunga la mkurugenzi, kufukuza ndege. "Zinang'aa vizuri sana," anajitetea. "Na ndege wamepungua."

Jua na mvua vimezimaliza. Imebaki njia moja: kuipata kompyuta ambayo bado ina programu ya zamani. Kompyuta hiyo ipo kijijini Ikolo, nyumbani kwa mzee aliyekuwa karani wa kwanza wa kampuni. Alipostaafu aliinunua, na sasa anaichezea karata ikitumia umeme wa jenereta ya mashine yake ya kukoboa mpunga.

Mzee huyo ni baba mkwe wa Angetile.

Kwa msomaji wa mbali, hapo hakuna tatizo. Kwa Mnyakyusa aliyelelewa kijijini, mke haingii alipo baba wa mumewe, hamtazami, hazungumzi naye uso kwa uso, na jina lake halitamki. Mzee akija kwa njia hii, mke hupinda kwa migomba. Vijana wengi wa mjini wameyaacha hayo. Ikolo hawajayaacha.

"Ningeambiwa kompyuta iko kwa simba, ningeshaondoka," anasema Angetile akinakili kumbukumbu kwenye diski.

Wanakwenda kwa pikapu ya kampuni. Shamsa amekataa kubaki; amemwacha utingo wake akisogeza makatoni kivulini. Njiani hanyamazi.

"Mkwe wangu mimi tunagombania naye rimoti ya televisheni. Ninyi mnajificha kwenye migomba!"

"Kila mtu na mzigo wake, dada. Wako unalia ndani ya makatoni."

Ikolo, mambo yanapangwa kwa adabu zote. Mama mkwe, Felista, anapiga kelele kutoka uani, mzee anatoka kwa mlango wa nyuma, na Angetile anaingia kwa mlango wa mbele. Mzee anaketi nyuma ya ukuta wa matofali, karibu na jenereta, asionekane. Kompyuta imejaa pumba hadi kwenye vitufe. Inawaka. Programu ya zamani ipo. Diski zinasomeka.

Kisha inaomba neno la siri.

Ofisini programu ilikuwa imelikariri. Hakuna aliyeulizwa kwa miaka mingi. Aliyeliweka ni mzee. Angetile anamwomba mama mkwe aulize. Felista anazunguka ukuta, anarudi akiwa amefunika mdomo kwa khanga.

"Mama Anyitike," anamwita Angetile kwa jina la mwanawe, "anasema ni jina lake."

Gazeti hili halijaolewa Ikolo, kwa hiyo linaweza kulitaja: ni Andongwisye.

"Andika basi!" anapaza sauti Shamsa.

"Siwezi kulitaja!"

"Nani kakwambia utaje? Andika!"

"Kuandika si kutaja?"

Swali linapelekwa nyuma ya ukuta. Mzee anajibu kwamba kwa miaka yote aliyokaa mpakani hajaliona swali kama hilo, na kwamba wanawake wa nyumba waamue. Shamsa anajitolea kuandika yeye, ingawa hajui jina hilo linavyoandikwa. Anaweka herufi mbili zisizohusika, kompyuta inamfokea, anakaa pembeni. Hatimaye Felista anatoa hukumu.

"Kidole hakina mdomo. Andika, mwanangu, ila usisome."

Angetile anafumba jicho moja na kubonyeza. Kompyuta, ndugu wa zile zilizomkatalia kila kitu tangu jana, inashika mila vizuri kuliko wote waliokuwemo: kila herufi ya jina la mzee inageuka nyota. Hakuna cha kusoma.

Faili linafunguka. Anazitoa kumbukumbu zote kama maandishi matupu, ambayo kila toleo husoma, anazijaza kwenye diski, na kuaga. "Ndaga fijo," anashukuru kwa Kinyakyusa, akiuelekea ukuta. Ukuta unakohoa kwa furaha.

Alasiri, toleo jipya linazimeza kumbukumbu bila kinyongo. Printa inatoa karatasi ya Shamsa, geti linafunguka. Katoni moja ya chini haivuki ikiwa hai, na Shamsa anamweleza Ambrose kwa kirefu ndege gani walistahili kufukuzwa.

Angetile ana mpango wa kukodi chumba Bondeni mwakani na kufundisha kompyuta, hasa wanawake. CD za toleo jipya ameshazifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao.

Lililobaki ni neno jipya la siri. Ambrose anapendekeza litumike jina la mkurugenzi.

"Bosi, una watoto wa kiume?"

"Wawili."

"Basi hapana," anasema Angetile. "Wake zao huenda nikawafundisha mimi."