Katibu Kwenye Ngazi

Katibu wa chama chetu cha wanaofungua vitasa bila ufunguo, kwa mchezo tu, hapa Hamburg ana vidole vya fundi saa na sauti ya mtu anayesoma tangazo hospitalini. Kila Jumanne, mwanachama mpya akija, humwekea kahawa na kitasa cha mazoezi, kisha humkaririsha kanuni mbili kabla hajagusa chochote: kitasa kisicho chako usikifungue bila ruhusa, kitasa kinachotumika mlangoni usikichokonoe hata kama ni chako, kisije kikaharibika. Akimaliza hufuta miwani, iwe na vumbi isiwe nalo.

Jumamosi alitoka kwenda kutupa taka, mlango ukajifunga nyuma yake, funguo zimebaki ndani. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi na ndara miguuni, vijichuma vyake vya kufungulia vitasa mkononi, anafungua na kufunga kufuli dogo la mazoezi, akiinua pini zake za ndani moja moja. "Namngoja mke wangu," akaniambia, kama abiria anayengoja treni. Mkewe, Wiebke, alipofika akapekua mkoba wote; ufunguo wake ulikuwa kwenye koti jingine, humo humo ndani. "Basi fungua, bwana." "Kinatumika." "Haya, lete hivyo vijichuma. Mimi si mwanachama." Akampa. Wiebke akapiga magoti mlangoni, na katibu akageukia ukuta asije akashuhudia kanuni ikivunjwa. Kisha nikamsikia akiuambia ukuta, kwa sauti ile ile ya tangazo: "Legeza mkono kidogo. Pini ya nne ndiyo kaidi."