Mashine ya Kukalia

Mume wangu alikuwa Mzaramo, na sisi ni Wanyamwezi. Anayeujua utani ameshaanza kuelewa taabu yangu, asiyeujua nitamweleza. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani na kulala kwa Wazaramo, makabila haya mawili yanataniana. Mtani akikutukana hununi. Ukifiwa, yeye hujilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Mume wangu aliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi. Msiba ukitokea, watu walimtafuta yeye kabla ya kutafuta sanda.

Siku za kawaida alikuwa dereva wa trekta. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Lusu, trekta lilikuja pamoja nasi, na kaka yangu akachaguliwa mwenyekiti. Nyumba zetu zilikuwa za nyasi, zimepangwa kwa mistari kama madawati ya shule. Kabla ya hapo kila mtu alijenga anapotaka, na moto ukimpata mmoja, wengine walikuja kumpa pole. Sasa nyumba moja ikishika moto, tungeungua wote. Kila kiangazi warina asali walipitia porini na mienge yao, kwa hiyo ilibidi tukate nyasi kuzunguka kijiji kizima, ukanda mpana ambao moto usingeweza kuuruka.

Wilayani palikuwa na mashine mbili za kukatia nyasi, zilizoachwa na Wazungu. Tuliambiwa tuchague moja. Ya kwanza ilikuwa ya kukokotwa nyuma ya trekta, nzito, visu vyake vimefunikwa na bati nene. Ya pili ilikuwa na injini yake na kiti chake. Dereva anakaa juu yake na kwenda. Ilikuwa imekata nyasi za uwanja wa gofu maisha yake yote. Kaka yangu aliipenda tangu alipoiona.

Sitamsingizia kwamba hakuwa na hoja. Trekta tulilitumia kwa zamu na vijiji jirani. Alisema moto ukija wakati trekta liko kwa wenzetu, mashine ya kukokotwa itakuwa chuma cha kukalia kuku. Ile nyingine ingekuwa yetu kila siku. Hata mimi niliona anasema jambo la maana, na ndiyo maana lilinitia hofu.

Maana nilikuwa nimeliona eneo lenyewe. Lilikuwa mashamba ya zamani. Chini ya nyasi matuta ya viazi yalikuwa bado yapo, magumu kama ukuta, na kati yake visiki, kwa sababu kwetu mtu hukata mti usawa wa goti ili asiumize mgongo. Mume wangu alikwenda kuizunguka ile mashine ya kiti, akatazama magurudumu yake madogo, akarudi nyumbani na hakula.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama. Sikuwahi kumwona amesimama vile, mikono imelala ubavuni.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "mashine ile itaniua. Tuchukueni ya kukokotwa."

Mkutano mzima ukacheka. Mzee mmoja akamjibu kwamba Mzaramo akifa nchi itapata kupumua. Akajaribu tena, akaeleza habari ya matuta na magurudumu, na kadiri alivyokaza uso ndivyo watu walivyozidi kushika mbavu. Kaka yangu alifuta machozi ya kicheko, akasema mtani anaogopa kiti, atandikiwe mkeka. Kisha wakanyoosha mikono, ya kiti ikapita. Nilisimama nikasema mume wangu hatanii. Wakacheka hilo pia, wakasema ameshaniambukiza.

Nyumbani nilimwambia akatae kuiendesha. Alinijibu kwamba dereva wa kijiji ni yeye, na akikataa ataitwa mvivu, na uvivu siku zile haukuwa neno dogo. Nilikasirika. Niliwakasirikia wote, na zaidi ya wote kaka yangu, aliyekuwa amekula kwangu juzi yake na kumwita mume wangu ndugu.

Asubuhi ya kazi kijiji kizima kilitoka kutazama. Nilibaki nikikoroga uji wa wakataji. Niliisikia injini ikienda, ikikwama, ikienda tena. Halafu ikalia kwa sauti ya juu, kama iliyotuliwa mzigo, ikazimika. Kilichofuata kilikuwa kicheko.

Nilimshukuru Mungu kwa kicheko kile. Nilichukua ndoo ya uji nikaenda taratibu.

Mashine ilikuwa imepanda tuta na kupinduka. Mume wangu alikuwa chini yake, analia, anaomba atolewe. Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo wanamtazama na kucheka, wakimwambia atoke, kaburi hilo si lake, wanamjua. Kaka yangu alikuwa mbele yao, amejishika kiuno. Niliona damu kwenye nyasi kabla yao. Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila nakumbuka kaka yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka.

Trekta siku hiyo lilikuwa limeegeshwa kijijini, halina kazi. Ndilo lililompeleka hospitali, amelazwa kwenye tela, kichwa chake mapajani mwangu. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Aliporudi, kaka yangu alikuja na jogoo chini ya kwapa. Hakuingia mpaka alipokaribishwa mara ya pili. Alikaa kwenye kigoda, akasema amekosa, akaomba radhi kwa maneno machache ambayo bila shaka aliyarudia njia nzima.

"Nimekusamehe, shemeji," mume wangu alisema, akatabasamu.

Kaka yangu alimkazia macho muda mrefu. Akaaga. Nilipomsindikiza alisimama penye kona ya nyumba, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Amesema kweli, au alikuwa ananitania?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa mke wake wa ndoa, na kweli sikujua.