Kampuni ya Jogoo

Bendi yetu ya Chumbageni wenzangu wote wamekufa, kwa hiyo mjuzi nimebaki mimi, nani abishe? Sefu, anayezitoa upya nyimbo zetu, aliniuliza santuri iliyoko kwangu ilitolewa na kampuni gani. Nikamwonesha picha ya jogoo pale katikati. "Kampuni ya Jogoo hiyo!" Na yeye, msomi mzima, akaamini. Akachapa jogoo kwenye majalada yote, chini yake jina langu: mtaalamu!

Siku ya uzinduzi nimekaa mbele, kanzu mpya. Jirani yangu Bi Mwanaidi akaliinua jalada juu.

"Jogoo huyu nilimkata kwenye kalenda, nikambandika ili santuri zangu zikiazimwa harusini nizijue. Kumbe unayo wewe! Haya, mtaalamu, nirudishie."