Samaki Waliopelekwa kwa Wafadhili

Jumanne nilikwenda kuwatafsiria akina mama wa kitongoji cha Alexandra kwenye ofisi ya wafadhili. Wamezoa taka mtoni kwao mpaka samaki wamerudi kuzaa. Sasa waliomba ruzuku, maana bila hiyo kazi ingekufa.

Afisa alihutubia weee kuhusu “ikolojia shirikishi”, kisha akauliza swali la maana: “Watu wakija kuvua, nani atawazuia?”

Wakati huohuo mama mmoja Mkongomani akafunua sufuria. Samaki wa kukaanga! Kwao huendi kwa mkubwa mikono mitupu.

Afisa akavua miwani. “Mama, hawa ndio mnaowalinda?”

Nilitafsiri huku nikitamani ardhi inimeze.

“Hapana, papa!” mama akamjibu, yaani baba. “ Hawa nimenunua dukani, Mayfair. Wa kwetu haliwi hata mmoja mpaka wajae mtoni. Mume wangu alijaribu kuvua, nikamvunjia ndoano. Na usiku ule hakula.”

Afisa alicheka mpaka machozi. “Eish! Basi mlinzi mnaye. Ruzuku mmepata.”

Vigelegele vilifika hadi mapokezini. Nimesoma sheria nyingi za uhifadhi, lakini sikumbuki hata moja iliyomlaza mvunjaji wake njaa.