Uso wa Kijani wa Mama

Juzi, katika maktaba moja ya Iringa, nilifungua kitabu cha michoro ya Waingereza nikakuta mwanamke mwenye mashavu ya kijani. Maelezo yalisema wachoraji wale walijifunza kwa Wafaransa kuchagua rangi kwa hisia, si kwa kufuata ngozi. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu mtaa wa Soweto, Mbeya.

Mama alikuwa akikohoa kwa wiki kadhaa na hakutaka kusikia habari za hospitali. Mpangaji wetu, mwalimu Mwingereza tuliyemwita Madamu, alikuwa akimchora mama aliyekuwa akichambua maharage uani. Harufu ya tapentaini aliyoyeyushia rangi ilijaa uani. Nilipouchungulia mchoro, uso wa mama ulikuwa wa kijani na shingo ya buluu. Nilidhani Madamu ameona ugonjwa ambao sisi hatukuuona.

Walipoingia ndani kunywa chai, nilichukua kitambaa nikaufuta uso wote kwenye mchoro.

"Nani kafanya hivi?" mama aliuliza kwa aibu.

"Mimi, mama. Nilitaka upone."

Madamu hakukasirika. Alichuchumaa, akanieleza kwamba kijani kile kilikuwa utulivu aliouona kwa mama. Sikumwelewa hata kidogo.

"Kwa hiyo hatakufa?" nilimuuliza.

Madamu alimtazama mama. Mama alikohoa, kisha akanivuta kifuani.

"Kesho nitakwenda hospitali, mwanangu."

Alikwenda kweli, akarudi na dawa za kifua kikuu za kumeza kwa miezi sita.